Kwa nini timu za bara zikishuka Mombasa huongoza robo tatu, kisha hukatika robo ya nne?

#1 Mzee wa Makande
Wadau wa mpira wa vikapu, salaam. Tangu enzi Mombasa Poly haijawa chuo kikuu cha TUM, mechi za shule na vyuo zinazokumbukwa hapa kisiwani zafanana mno. Timu yashuka kutoka bara, yapiga vizuri, yaongoza kwa pointi 8 au 10 hadi mwisho wa robo ya tatu, halafu robo ya nne wenyeji wanaikamata na kuipita. Watu husema "joto" na mjadala unaishia hapo. Nadai joto ni kisingizio. Kuna kitu uwanjani. Nazungumzia viwanja vya nje vya saruji, si ukumbi wa KPA (Mamlaka ya Bandari) pale Makande, wenye paa. Tupieni sababu.

#2 Bint Kizingo
Joto yakhe, wataka lipi tena? Vikapu vya shule huchezwa muhula wa kwanza, Januari hadi Aprili, kaskazi imekaza. Februari na Machi mchana ni nyuzi 32, 33. Tena nyuzi zenyewe si shida kubwa, shida ni unyevu. Jasho hupoza mwili likikauka, na hapa halikauki, ladondoka tu. Mchezaji anapoteza lita moja au zaidi kwa saa na bado mwili wachemka.

Mwili wahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea hali hii. Timu nyingi hupanda treni, hushuka Miritini usiku, mechi kesho yake. Hapo robo tatu umezipata kwa bahati.

#3 Mgeni wa Bara
Nipinge kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Aliyefanya mazoezi huko ana damu iliyozoea hewa nyepesi, akishuka pwani pumzi inaongezeka. Kwa hesabu hiyo sisi ndio tungepaswa kukimbia robo ya nne na nyinyi mkashika magoti.

#4 Bint Kizingo
Pumzi hamkosi, Mgeni. Moyo ndio una kazi mbili: kupeleka damu miguuni na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Kadiri maji yanavyopungua mwilini damu yenyewe yapungua, basi ngozi na miguu vinanyang'anyana. Angalia kinachoanza kuharibika: si mbio. Ni mitupo huru inayogonga ringi ya mbele, kwa sababu mtupo mzuri huanzia miguuni.

#5 Fundi Kipimo
Mzee wa Makande kasema kitu uwanjani. Nami nasema chukueni utepe wa kupimia.

Ringi inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, na kanuni yaruhusu kupotoka milimita 6 tu. Sasa uwanja wa shule ukipasuka hufanywaje? Wanamwaga saruji mpya juu ya ile kuukuu, tabaka la sentimita 4 au 5. Nguzo hakuna anayeigusa. Ringi imekuwa mita 3.00 na hakuna aliyeishusha. Ongeza vijana wanaoning'inia baada ya kila "danki", mdomo wa mbele unalala. Chumvi ya bahari nayo yala boliti nne zilizoishika, ringi yaanza kucheza, mpira ukigonga unakufa badala ya kuruka.

Mwenyeji mkono wake umezoea ringi hiyo. Mgeni atupa kwa kipimo cha mita 3.05, mpira unagonga chuma cha nyuma. Halafu ringi iliyolegea yampa rebaundi (mpira unaorudi baada ya kukosa) fupi, naye amesimama mbali akingoja ndefu.

Namna ya kupima: usipime kando ya nguzo, sakafu hapo huwa na mteremko wa maji. Funga jiwe kwenye uzi, ning'iniza kutoka ukingo wa juu wa ringi upande wa mbele, weka alama sakafuni, pima hapo. Rudia nyuma karibu na ubao. Vipimo viwili vikitofautiana ujue imelala.

#6 Kichwa Ubao
Fundi, umeeleza vizuri sana kwa nini wangefungwa robo ya KWANZA. Swali ni robo ya nne 😂

#7 Mwanakombo
Kichwa Ubao leo kaamka na akili.

#8 Refa Mstaafu
Habari zenu. Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyetaja meza.

Kanuni: timu iliyotajwa kwanza kwenye ratiba, yaani mwenyeji, benchi lake na kikapu anacholinda viko kushoto mwa meza ya waandishi, ukiwa umekaa mezani unatazama uwanja. Nusu ya pili timu hubadilishana vikapu. Kwa hiyo nusu ya pili mgeni anashambulia kulia kwa meza. Daima, isipokuwa timu zimekubaliana vingine.

Uwanja wa nje unapaswa kulala kaskazini-kusini ili jua lisimpige mtu usoni. Viwanja vingi vya shule vilijengwa palipobaki nafasi kati ya madarasa, vingine vimelala mashariki-magharibi. Sasa weka meza upande wa kaskazini. Aliyekaa hapo anatazama kusini, kulia kwake ni magharibi. Nusu ya pili mgeni anatupa akielekea jua.

Hesabu ya saa: mechi yaanza saa kumi kamili. Robo mbili, mapumziko ya dakika 15, robo ya tatu, basi robo ya nne inaanza saa kumi na moja na robo hivi. Machi jua lazama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Wakati huo limebaki kama nyuzi 14 hadi 19 juu ya upeo. Mchezaji aliye mita 6 kutoka ringi anainua macho nyuzi 12 au 13 kuitazama. Jua na ringi vimekaribia kuwa mahali pamoja. Robo ya tatu jua lilikuwa bado juu, halikumsumbua. Mwenyeji alipolielekea nusu ya kwanza lilikuwa juu zaidi.

Aliyeweka meza ndiye aliyeamua. Na mara nyingi wala hakukusudia, kaiweka penye kivuli cha mwarobaini.

#9 Mzee wa Makande
Refa! Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

#10 Chuma cha Kisauni
Mzee usishangilie mapema. Ubao una upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05, ukingo wa chini uko mita 2.90. Shule zetu hazina vioo, zina mbao iliyopakwa rangi. Ukisimama kwenye mstari wa mtupo huru, ubao wafunika anga kuanzia nyuzi 14 hadi 25 hivi. Jua la Refa la nyuzi 14 mpaka 19 liko nyuma ya ubao kabisa. Mtupaji yuko kivulini! Shida ingekuwa kwenye ubao wa kioo, na hakuna ubao wa kioo nje.

#11 Refa Mstaafu
Sawa kwa aliye katikati, na sawa kwa mwisho wa Machi tu, jua likizama magharibi barabara. Mechi za Februari jua lazama kusini ya magharibi kwa nyuzi 10 na zaidi. Ubao, kwa aliye nje ya mstari wa pointi tatu, katikati, wafunika nyuzi 7 tu kila upande. Kwa hiyo jua linachungulia kushoto mwa ubao. Aprili linahamia kulia. Aliye kwenye kona haumii, yeye anatazama kando. Anayeumia ni mtupaji wa juu, na beki anayengoja mpira mrefu.

#12 Likoni Feri
Na sisi tulio jukwaani tukitazama magharibi pia twaumia, tuandikieni kanuni.

#13 Fizikia Tupu
Mmesahau mpira wenyewe.

Hewa ya Nairobi ina kanieneo ya psi 12 hivi, ya Mombasa 14.7. Mpira ukijazwa Nairobi kwa psi 8, ndani una jumla ya 20. Ukiushusha Mombasa, 20 toa 14.7, gaji ya kupimia upepo yasoma 5.3. Mpira umelegea bila kutoboka. Timu yafanya mazoezi ya asubuhi na mipira yake iliyolegea, driboli yazoea mdundo wa chini, jioni wanapewa mpira wa mwenyeji wenye psi 8 unaoruka hadi kiunoni. Mikono inachanganyikiwa, mpira unapotea.

Pia hewa ya pwani ni nzito zaidi. Mtupo wa pointi tatu wa mita 6.75 wapungukiwa na sentimita kadhaa kwa nguvu ile ile. Ndizo zinazotofautisha wavu na ringi ya mbele.

#14 Chuma cha Kisauni
Fizikia Tupu hesabu ni nzuri ila umesahau joto. Mpira uliojazwa kwenye nyuzi 20 ukafika kwenye nyuzi 32, ile 20 yapanda hadi 20.8. Gaji itasoma kama 6.1, si 5.3. Bado ni laini, lakini si chapati.

#15 Kichwa Ubao
Na bado hayo yote yangeonekana robo ya kwanza. Nitaandika hivi hadi mjibu swali.

#16 Mwanakombo
Kwa wanaosafiri: beba pampu, sindano mbili na gaji. Lowesha sindano kabla ya kuingiza, ikiingia kavu yachana vali. Ukikosa gaji, dondosha mpira sehemu yake ya chini ikiwa penye mita 1.8, sehemu ya juu ya mpira ifike kati ya mita 1.2 na 1.4 ukirudi. Haufiki, ongeza pampu tatu nne, jaribu tena. Jaribu juu ya saruji ile ile ya mechi, sio vyumbani.

#17 Kocha wa Jioni
Kichwa Ubao, jibu lako hili hapa, halina jua wala gaji.

Robo ya nne haishindwi robo ya nne. Mwenyeji anayejua kazi anaanza kukaba uwanja mzima robo ya pili, hata kama hapati mipira. Mpango ni 2-2-1: wawili juu, wawili katikati, mmoja nyuma. Hawapokonyi, wanasukuma tu mwenye mpira kuelekea mstari wa pembeni. Shabaha ni saa. Una sekunde 8 kuvuka nusu. Ukitumia 7 kila mara, kati ya zile 24 za shambulio zimebaki 17 za kutafuta mtupo, na mchezeshaji wako amekimbia kwa kupindapinda mara tano zaidi ya wengine.

Sasa robo ya nne anabadili kuwa 1-2-1-1. Mtego wakaa hatua mbili baada ya mstari wa kati, pembeni. Hapo mwenye mpira ana kuta nne: watu wawili, mstari wa pembeni, na mstari wa kati asioruhusiwa kurudi nyuma. Miguu mibichi inatoka. Miguu iliyochoka inasimamisha driboli, na ukishasimamisha umekwisha.

Timu ya bara huja na wachezaji 12 kwenye karatasi, hucheza 6 au 7. Kocha anaogopa kumtoa mchezeshaji wakati anaongoza. Kosa liko hapo. Mtoe dakika mbili za mwisho za robo ya tatu, ongeza zile dakika mbili za mapumziko ya robo, kapata dakika nne halisi na zaidi.

#18 Mgeni wa Bara
Kocha nimekuelewa, lakini wapo wanaozungusha wachezaji 10 na bado wanakatika.

#19 Kocha wa Jioni
Basi tazama karatasi ya faulo. Kila robo faulo nne za timu ni bure, ya tano yaleta mitupo miwili. Mwenyeji anatumia zake nne mapema kuvunja mwendo, halafu anakaba bila kugusa. Mgeni aliyechoka anagusa kwa mikono kwa sababu miguu haifiki. Dakika ya tano ya robo ya nne mwenyeji yuko kwenye mstari kila shambulio, saa imesimama, anapumzika huku anafunga.

#20 Likoni Feri
Eti "anagusa". Refa Mstaafu mbona kanyamaza kwenye hili la faulo? 👀

#21 Refa Mstaafu
Filimbi yangu ipo kabatini, mniache.

#22 Bint Kizingo
Kocha, "miguu iliyochoka" hiyo imechoka na nini? Na joto. Twarudi kwangu.

#23 Pwani Asilia
Wenzangu, mnaongea kana kwamba watu wa pwani hushinda nyumbani tu. Wasichana wa shule ya Kaya Tiwi wamewahi kubeba ubingwa wa taifa wa shule, na KPA yacheza ligi kuu kwenye ukumbi wenye paa, bila jua, bila upepo, na bado wageni wapata tabu Makande. Huenda watu wetu wanajua tu kucheza?

#24 Mzee wa Makande
Makande nimeiondoa kwenye swali tangu mwanzo, Pwani Asilia. Ukumbi wenye paa bila hewa nao una joto lake.

#25 Bint Kizingo
ASANTE.

#26 Saa ya Mkono
Mmeacha kitu kimoja: saa ya mtupo. Viwanja vya shule vingi havina ile saa ya sekunde 24 juu ya ubao. Mtu wa mezani ana saa ya kubonyeza mkononi na kipaza sauti, kama kipo. Anapaswa kutaja kwa sauti "kumi", halafu kuanzia "tano" hadi filimbi. Mashabiki wakipiga ngoma robo ya nne, mgeni hasikii. Mwenyeji ana benchi lililofundishwa kuhesabu pamoja kwa sauti moja. Mgeni anatupa mapema kwa woga, au anakamatwa na mpira mkononi.

Na baada ya rebaundi ya kushambulia saa yarudi 14, sio 24. Timu zisizozoea hesabu hiyo hutuliza mpira kutafuta pasi nzuri, na muda umekwisha.

#27 Mpenzi wa Zamani
Bila saa ya mtupo mambo yalikuwa mengine. Milan, shule ndogo ya Indiana kule Marekani, ilishinda ubingwa wa jimbo 1954 dhidi ya Muncie Central 32-30. Bobby Plump alishika mpira dakika nne na ushei robo ya nne bila kufanya lolote, timu yake ikiwa NYUMA. Mwishoni akatupa ule wa ushindi. Timu za wanaume za vyuo vya Marekani ziliendelea bila saa ya lazima hadi msimu wa 1985-86, nazo zikaanza na sekunde 45. North Carolina State walipowafunga Houston ya Olajuwon 54-52 mwaka 1983, saa hiyo haikuwepo.

#28 Likoni Feri
Tumetoka uwanja wa saruji tumefika Indiana. Nauli nani kalipa?

#29 Mpenzi wa Zamani
Nyamaza usome. Hoja ni kwamba anayeongoza bila saa anaweza kulala na mpira, mwenye saa hawezi. Timu ya bara inayoongoza kwa 8 na bado inalazimika kutupa kila sekunde 24 kwenye joto la Bint Kizingo, itakosa nyingi. Msione ajabu kukamatwa.

#30 Mwanakombo
Kama ni mitupo ya mwisho, Februari 2021, Yaoundé, Kenya 74 Angola 73. Ongwae ndiye aliyetupa ule wa mwisho. Angola wakati huo walikuwa na mataji 11 ya Afrika. Tukarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Hakuna kaskazi wala kusi hapo.

#31 Pwani Asilia
Hiyo hata ukiiweka uzi wa mapishi nitaipigia makofi.

#32 Kisima cha Dafu
Mapishi je? Wenyeji wanakunywa madafu wakati wa mapumziko, wageni wanakunywa soda baridi. Soda yajaza gesi tumboni. Mimi nasema ni madafu.

#33 Bint Kizingo
Madafu ni mazuri ila hayatoshi. Yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho hutoa chumvi zaidi. Aliyetoka jasho robo tatu akanywa madafu matupu bado atakamatwa na misuli ya shavu la mguu. Maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vya usawa, chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga, onja: yakizidi ladha ya machozi, mwaga uanze upya. Kunywa glasi ndogo kila dakika 15 au 20 kuanzia kabla ya mechi. Kunywa nusu lita mara moja wakati wa mapumziko ni kujitafutia kichomi.

#34 Kisima cha Dafu
Weka basi hiyo chumvi ndani ya dafu, tumalize ugomvi.

#35 Upepo wa Kizingo
Hakuna aliyetaja upepo? Viwanja vilivyo karibu na bahari jioni upepo hukaza. Mwenyeji anaacha mitupo ya mbali robo ya nne, anaingia ndani na kutumia ubao: pembe ya nyuzi 45, lenga kona ya juu ya kile kisanduku kilichochorwa ubaoni, cha sentimita 59 kwa 45, upande ulio karibu nawe. Mpira uliogonga ubao haubebwi na upepo. Mgeni aliyefunga mitupo minne ya pointi tatu mchana kukiwa shwari anaendelea kutupa.

Na ringi zisizo na wavu! Mpira wa upepo ukipita bila kugusa kitu, nusu ya uwanja wasema umeingia, nusu wasema umekosa.

#36 Kichwa Ubao
Upepo wa jioni, jua la jioni, faulo za jioni, saa ya kubonyeza. Angalau sasa ni sababu za robo ya nne. Fundi Kipimo peke yake ndiye bado yuko robo ya kwanza.

#37 Fundi Kipimo
Aliyekosa kumi robo tatu za kwanza hukosa imani robo ya nne. Usinichokoze.

#38 Mgeni wa Bara
Fundi, swali la kweli: shule ikitaka kurekebisha hiyo sentimita 5 bila kung'oa nguzo, yafanyaje?

#39 Fundi Kipimo
Usipandishe ringi pekee, hilo ndilo kosa la kawaida. Ringi lazima ikae sentimita 15 juu ya ukingo wa chini wa ubao, ukiipandisha peke yake kisanduku kilichochorwa kinakuwa cha uongo na wapigaji wa ubao wote wanapotea. Pandisha ubao mzima.

Watu watatu, ngazi mbili. Toa ringi kwanza upunguze uzito. Boliti zilizoshikwa na kutu zipake mafuta jana yake, ukizilazimisha zitakatika. Toboa matundu mapya kwenye mikono ya chuma, sentimita 5 juu ya yale ya zamani. Yakiwa karibu mno chuma kitapasuka katikati, basi chomelea kipande cha bapa kwanza. Rudisha ubao, weka pima maji juu yake na ubavuni. Ringi irudi mwisho, ukingo wake wa ndani uwe sentimita 15 kutoka usoni mwa ubao. Boliti mpya ziwe za mabati, na kila moja nati mbili. Nati moja pwani ni miezi tu.

#40 Likoni Feri
Na meza tuiweke upande gani?

#41 Refa Mstaafu
Kusini.

#42 Kichwa Ubao
Mwarobaini uko kaskazini, Refa. Hutopata mwandishi hata mmoja.